Siku Ambayo Kila Mtu Alikuwa Anaumwa

Jumatatu, 2 Machi

Tangazo maalumu. Kwa heshima zote na taadhima, umma unaarifiwa kwamba leo asubuhi kuku wa Shangazi ametaga ndani ya spika ya redio ya Mwenyekiti wa kijiji, redio ambayo iko kwangu ikisubiri kutengenezwa tangu mwaka jana. Yai ni zima. Kuku anaendelea vizuri. Mwenye hali mbaya ni fundi, kwa sababu Mwenyekiti alikuja kuulizia mali yake akamkuta kuku amekaa ndani yake kama karani ofisini.

Nilingojea matusi. Badala yake akaniteua.

“Fundi,” akasema, “redio zimekushinda. Hebu jaribu wazee.”

Mhunzi alifariki mwezi uliopita na kila alichokijua kikaenda naye kaburini. Kwa hiyo kijiji kimenunua kinasa sauti, kidogo kama sabuni iliyotumika nusu, na mimi nizunguke nacho masika haya, wakati mashamba hayaendeki na wazee wako majumbani. Kila mzee aeleze maisha yake kwa sauti yake mwenyewe, tuyahifadhi shuleni.

Nilikubali haraka mpaka Mwenyekiti akashtuka. Sababu ninayo, na sikumwambia. Kuhusu mama yangu najua mambo matatu: alikuwa mrefu, alikuwa na sauti nene, na, kwa maneno ya Shangazi, alifia kwao, ng'ambo ya mto, nikiwa naanza kutembea. Basi. Hata picha sina. Nimeshapita hamsini, nina kitambi na miwani miwili ambayo yote haioni vizuri, na bado nataka mtu mmoja aniambie jambo la nne.

5 Machi

Mvua ya kwanza. Wameteremsha chuma cha shule.

Wageni hushangaa. Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli kilichotundikwa kwenye nguzo, na kila masika hushushwa, kikaviringishwa ndani ya gunia na kufungiwa stoo, “kisipate kutu.” Chuma kimelala umandeni tangu utoto wangu, kina kutu kama mgonjwa wa upele, na bado wanakihurumia. Mwalimu hupiga filimbi mpaka mvua ziishe. Niliwahi kumuuliza Seremala mzee kwa nini. Akanijibu, “Wewe mvua ikinyesha huvai kofia?” Nikaona ana hoja.

6 Machi

Nimeanzia nyumbani, nikaanguka nyumbani. Shangazi amekataa.

Huyu ndiye dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea, na anaishi chumba cha pili kutoka karakana yangu ili, kwa maneno yake, asikie ninavyoharibu vitu vya watu. Ana uvimbe kooni. Hospitali wamesema sauti itamtoka kidogo kidogo, na tayari anaongea kama mlango unaofunguliwa taratibu.

“Shangazi, dakika chache tu.”

“Mimi sina maisha,” akasema. “Mimi nina kazi. Nenda kwa wenye maisha.”

9 Machi

Bibi Mkunga. Alifurahi mno, amevaa kitenge kipya, kana kwamba kinasa sauti kina macho. Alinieleza jinsi alivyomzalisha mwanamke juu ya mkokoteni unaokwenda. Alinieleza jinsi nilivyozaliwa mimi: “Ulitoka umekunja ngumi, mwanangu, nikajua huyu ama mwizi ama fundi. Tofauti yenyewe ndogo.”

“Na mama yangu alikuwaje?”

“Mvumilivu. Wote walikuwa wavumilivu.”

Hilo si jambo la nne. Hilo ni salamu.

Akaendelea na mwaka mmoja, mwaka mwingine, mpaka akafika mwaka wa mvua kubwa. Akaweka mkono mezani. Kisha, bila mtu kumuuliza, akasema, “Siku ile mimi nilikuwa naumwa jino.”

“Siku ipi, Bibi?”

“Jino la huku.” Akanionyesha. “Uso ulivimba hivi! Hata kusimama sikuweza.” Akaomba maji, akanywa, akarudi kwenye uzazi.

10 Machi

Mvua. Redio ya Mwenyekiti. Kuku kakataa kuhama.

13 Machi

Kinasa sauti kina kasoro. Nimesikiliza maneno ya Bibi Mkunga, na kwenye lile jino kuna mlio mdogo nyuma ya sauti yake: tk-tk-tk, kimya, tk-tk. Baadaye haupo. Nimekifungua, nimepuliza vumbi, nimelehemu upya waya mmoja ambao, kusema kweli, haukuwa na tatizo kabla sijaugusa.

17 Machi

Bwana Posta, aliyepeleka barua kwa miguu miaka yote kabla ya simu kumstaafisha. Anajua nani alimwandikia nani, na kwa kuwa wengi wamekufa, sasa anasema. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka.

Halafu: “Mwaka wa mvua kubwa, basi, siku ile mimi nilikuwa naumwa mguu.”

“Siku ipi, Mzee?”

“Huu wa kulia. Au wa kushoto. Mguu tu, bwana, kwani unataka cheti cha daktari?”

Nimesikiliza niliporudi. Tk-tk-tk, kimya, tk-tk. Nimekifungua tena. Mke wangu amepita akasema kifaa hicho kimepasuliwa mara nyingi kuliko mgonjwa wa hospitali ya rufaa.

20, 23, 26 Machi

Wazee watatu zaidi. Tumbo. Jicho. Kuhara damu, ambayo mhusika aliieleza kwa urefu nisioustahili. Wote mwaka ule ule, wote “siku ile,” wote bila kuulizwa. Nimemwambia mke wangu kwamba kama daktari angepita hapa siku hiyo, angejenga ghorofa. Akacheka. Mimi pia. Shangazi alikuwa anapepeta nafaka barazani, na ungo ukasimama mkononi mwake.

30 Machi

Mwenyekiti amekuja kusikiliza maendeleo. Tulimpa kiti kizuri, yaani kile ambacho mguu wake mmoja ni tofali. Nikamwekea Bwana Posta, akacheka. Nikamwekea Bibi Mkunga, akacheka mpaka kwenye jino. Hapo akanyoosha mkono akakizima mwenyewe.

“Hizo sehemu za maradhi zikate.”

“Kwa nini, Mwenyekiti?”

“Watoto wa shule wana haja gani na meno ya ajuza? Kata, Fundi. Historia haitaki uchafu.”

“Na wewe mwaka ule ulikuwa unaumwa nini?” nikamuuliza, kwa mzaha wangu wa kawaida, ule ambao mke wangu husema utanizika.

Alivaa koti lake la mvua, akakosea mkono, akavaa tena. Mlangoni akasema, “Homa.” Akaenda zake.

Sijakata kitu.

4 Aprili

Mvua haijakatika tangu juzi. Mto unasikika mpaka hapa karakana. Nimejikuta nakumbuka jambo nisilolifikiria miaka mingi: Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akiugua kila masika. Mchana kweupe utamkuta kitandani, blanketi mpaka kichwani, joto limejaa chumba. Hakuna dawa aliyokubali kumeza. Mvua zikiisha anapona siku hiyo hiyo, anatoka kulima. Mimi nilidhani kila baba ana ugonjwa wake wa msimu, kama embe.

7 Aprili

Sauti ya Shangazi imeshuka tena. Asubuhi ameniita mara kadhaa sikusikia, mpaka akanirushia kandambili.

11 Aprili

Leo nimekwenda kwa Seremala mzee, na leo sikuangalia kinasa sauti. Nilimwangalia yeye.

Tulikaa mezani, meza aliyoitengeneza kwa mikono yake, imara kama deni. Alieleza ujana wake, misumeno yake, jeneza alilolikosea kipimo mpaka ikabidi marehemu akunjwe magoti. Mvua inapiga bati. Akafika mwaka ule.

“Siku ile,” akasema, “mimi nilikuwa naumwa mgongo.”

Na vidole vyake vya mkono wa kulia, vyenyewe, vikagonga meza. Tatu. Kimya. Mbili.

“Mzee, unagonga nini?”

Aliutazama ule mkono kama mkono wa mtu mwingine uliosahauliwa pale mezani. Akaufunika kwa wa kushoto.

“Sigongi.”

“Unagonga. Na Bibi Mkunga aligonga, na Bwana Posta. Nimewasikia wote. Nilidhani ni kasoro ya mashine.”

Akapangusa mezani vumbi lisilokuwapo. Kisha akanieleza, lakini kwa sauti ya mtu anayemweleza mteja aina za mbao. Kabla ya daraja, alisema, tulivuka kwa chelezo cha magogo kinachovutwa kwa kamba kutoka upande huu. Kamba ile ilitaka watu wanne wenye nguvu. Aliye ng'ambo akitaka kuvuka, pale ukingoni pametundikwa chuma na nyundo yake. Anagonga tatu, ananyamaza, anagonga mbili. Tatu ni *nipo hapa*. Mbili ni *nivuteni*. Anarudia mpaka watu waje. Daraja lilipojengwa, kiangazi kilichofuata mvua kubwa ile, chuma kikaletwa shuleni.

“Waliozaliwa baada ya hapo hawaujui mgongo huo,” akasema. Akajisahihisha haraka: “Mgongo—mgongano, nasema, mlio. Hawaujui.”

“Na siku ile nani aligonga?”

“Mwanangu, mimi nilikuwa naumwa.”

Alisimama kunifungulia mlango. Mgongo wake umenyooka kama rula.

12 Aprili

Nimemweleza mke wangu yote, nikamgongea mezani ule mlio ili aelewe. Hakuonekana kushangaa.

“Huo si ndio wako?” akasema.

“Wangu vipi?”

“Mume wangu, unagonga hivyo tangu nimeolewa. Ukifikiri, unagonga. Ukingoja chakula, unagonga. Kwa bisibisi, kwa kijiko, kwa kucha. Shangazi kila siku anakwambia acha.”

Ni kweli. “Acha kugonga” ni maneno ninayoyajua kabla ya jina langu. Nilidhani ni adabu.

Nilizaliwa kabla ya daraja. Nilikuwa naanza kutembea.

13 hadi 19 Aprili

Sijaenda kwa mzee yeyote. Nikikutana nao njiani wananisalimia vizuri kama zamani, Bibi Mkunga ananitania kuhusu kitambi, na mimi naitika, kisha nabaki natazama mikono yao. Mikono iliyonipa peremende. Iliyomshusha Baba kaburini. Nimeanza kusikia tatu na mbili kwenye matone ya paa, kwenye kwato za mbuzi, kwenye moyo wangu nikilala upande wa kushoto. Nimegeukia wa kulia. Ni vilevile.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ningewapa mkono wa pole. Walikuwa na masikio mazuri.

22 Aprili

Shangazi amekuja karakana mwenyewe, mchana, mvua ikimwagika. Amemwondoa kuku kwenye redio kwa kofi moja, akakaa.

“Washa hicho kisabuni chako,” akasema. “Sauti iliyobaki ni hii.”

Nikawasha. Ameongea kwa muda mrefu, ameshika koo lake kwa vidole viwili kana kwamba anazuia mlango usijifunge. Nimesikiliza baadaye: bati, mvua, bati. Sauti yake haimo. Wote niliwanasa isipokuwa yeye. Kwa hiyo naandika hapa kwa kalamu, maneno yake, sijaongeza langu.

“Mama yako alivuka kwenda kumuuguza mama yake. Wewe alikuacha kwangu kwa hiari yake, kwa sababu kule ugonjwa wa kuhara ulikuwa unamaliza nyumba. Alikuwa bado anakunyonyesha. Alipokwisha kuvuka, wanaume wakakaa kikao wakasema chelezo kisimlete mtu yeyote mpaka ugonjwa uishe. Kusema kikaoni ni rahisi. Kumwambia mtu anayegonga, hiyo ndiyo kazi. Basi mmoja akatoa shauri: tusiseme hatutaki. Tuseme tunaumwa. Mgonjwa havuti kamba, na mgonjwa halaumiwi.

“Asubuhi moja akagonga. Kila mtu akajua ni yeye, kwa sababu alikuwa akiita pia, na sauti yake uliambiwa ilivyokuwa. Nikakufunga mgongoni nikatoka kutafuta watu wa kamba. Mlango wa kwanza ulikuwa wa baba yako.”

Hapa aliomba maji kwa ishara. Nikadhani sauti imekwisha.

“Alikuwa amejifunika blanketi. Nikamwambia, kaka, mkeo huyo anaita. Akasema, dada, naumwa. Nikamwambia, unaumwa nini? Akajifunua, akakutazama wewe mgongoni kwangu, akasema, ‘Akivuka, kitu cha kwanza atamnyonyesha huyu.’ Akajifunika tena.

“Nikaenda kwa Mkunga: jino. Kwa Posta: mguu. Kwa Seremala: mgongo. Huyu Mwenyekiti wenu, kijana ana mabega kama kabati: homa. Nyumba zote. Na huko nyuma chuma kinalia, tatu, mbili, tatu, mbili, na wewe ukaanza kunigonga mgongoni kwa kiganja, unafuatisha. Ulidhani ni mchezo.

“Nikaishika kamba peke yangu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Chelezo hakikutikisika. Basi nikakufungua mgongoni, nikakuinua juu kwa mikono yote miwili, hivi, akuone. Akuone u mzima, umenenepa, huna ugonjwa.

“Akaacha kugonga.

“Waliokuwa majumbani waliposikia kimya walidhani maji yamemchukua. Mpaka leo ndivyo wanavyodhani, sikuwahi kuwaambia. Hayakumchukua. Alisimama akakutazama mpaka mikono yangu ikatetemeka. Halafu akaitundika ile nyundo mahali pake, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akageuka akarudi kwao.”

Nilimuuliza, “Siku ile alikuwa ameshaugua?”

“Alikuwa amesimama wima. Habari zilinifikia mimi peke yangu, baada ya daraja: alikufa kabla masika hayajaisha, kwa ugonjwa ule ule. Kama alikuwa nao siku ile, au aliupata aliporudi, Mungu ndiye anajua. Waliosema wanaumwa walikuwa wazima. Yeye hakuna aliyemuuliza.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekwambia nini? Wamekunyima mama, au wamekuachia uhai? Nimekaa nalo hilo kila masika, silipatii mdomo.” Akasimama, akamrudisha kuku mahali pake. “Sasa mdomo wenyewe unaondoka.”

23 Aprili

Mvua. Sikufungua karakana.

25 Aprili

Kuna habari inazunguka kijijini, nayo kila ikipita nyumba inaongezeka uzito: kwamba jana chuma cha shule kimejigonga chenyewe ndani ya gunia, kwamba alionekana mwanamke mrefu penye nguzo, kwamba fundi redio amerukwa na akili. Hili la mwisho lilikuwapo zamani. Lakini kwa kuwa nimepewa kazi ya kuhifadhi habari za watu, acha niseme ilivyokuwa.

Hakikujigonga. Nilikigonga mimi.

Mchana, baada ya shule kufungwa, niliomba ufunguo wa stoo kwa Mwalimu kwa kisingizio cha kutafuta waya. Nilikitoa chuma kwenye gunia, nikakibeba nguzoni. Ni kizito, niliteleza mara moja nikakaa kwenye tope mbele ya mbuzi. Nikakitundika mvuani. Nikagonga tatu. Nikanyamaza. Nikagonga mbili. Nikarudia, na nikarudia, na sitaficha kwamba nilikuwa na hasira, na kwamba nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na maneno kama “dhamiri.”

Kwa muda hakuna kilichotokea isipokuwa mvua. Nikasema, basi, hata leo wanaumwa.

Kisha mlango wa Seremala ukafunguliwa. Alitoka bila koti, anatembea haraka kuliko umri wake unavyoruhusu. Nyuma yake Bwana Posta, kwa miguu yote miwili. Bibi Mkunga alikuja kichwa wazi, kandambili moja tu mguuni. Wakaja wale wa tumbo na jicho. Mwenyekiti alitoka ofisini mbio, mzee yule, anakimbia tope likiruka, na alipofika pale nguzoni mikono yake ilikuwa imeshajikunja mbele, tayari kushika kamba.

Kamba haikuwapo. Wakasimama. Nikaona wanaangalia upande wa mtoni, si kwangu.

“Hakuchukuliwa na maji,” nikawaambia. “Alimwona mtoto wake yu mzima, akatundika nyundo, akarudi mwenyewe kwao.”

Hilo ndilo jambo la nne, na mimi ndiye niliyewapa wao.

Bibi Mkunga akakaa chini kwenye tope palepale, polepole, kama anayekaa kitini. Hakuna aliyeomba radhi; nasema ilivyokuwa. Nikaitafuta ile hotuba yangu. Niliwaona walivyoloa, mifupa yao ikionekana ndani ya nguo, wazee ambao nimewacheka mwezi mzima, na nilichosikia kikitoka mdomoni mwangu ni hiki:

“Ingieni chini ya paa. Mtaumwa bure.”

Hakuna aliyesogea. Tukaloa wote.